Tuanze na kazi, kozi itafuata

Desemba 2025 kampuni za Coursera na Udemy, zilizo miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kozi za mtandaoni duniani, zilitangaza makubaliano ya kuungana, kwa hesabu iliyoipa kampuni itakayozaliwa thamani ya takriban dola bilioni 2.5 za Marekani. Tafsiri niliyoisikia mara nyingi tangu wakati huo, kwa wahitimu wanaotafuta ajira na hata kwa wafanyabiashara wanaotaka kujiendeleza, ni kwamba mambo sasa yamerahisika: kozi zote za maana zitapatikana mahali pamoja, na aliyekuwa akisumbuka kuchagua kati ya jukwaa hili na lile amepumzishwa. Naiona tafsiri hiyo kuwa na kosa la msingi. Swali la jukwaa lipi halikuwahi kuwa swali la kwanza. Anayetaka ujuzi wa biashara au wa teknolojia anapaswa kuanza na kazi mahususi, kazi anayoifanya tayari au atakayoifanya ndani ya majuma machache, kisha atafute kozi itakayomlazimisha kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake na kumwonyesha alipokosea. Akianza na jina la chuo, ukubwa wa punguzo la bei au umaarufu wa cheti, anaweza kumaliza kozi nyingi na bado akabaki karibu na pale alipoanzia.

Ili kuona kwa nini muungano huu hauondoi ugumu wa kuchagua, inafaa kukumbuka kwamba kampuni hizi mbili zina asili tofauti. Udemy ilianza mwaka 2010 kama soko: yeyote mwenye ujuzi, au anayeamini kuwa anao, aliweza kurekodi kozi, kuiweka sokoni na kugawana mapato na mwenye jukwaa. Coursera ilianzishwa mwaka 2012 na wanataaluma wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, muda mfupi baada ya kozi ya akili unde (AI) ya Sebastian Thrun na Peter Norvig, iliyotolewa bure mwaka 2011 kutoka chuo hichohicho, kuandikisha watu wapatao 160,000 kutoka pembe zote za dunia. Mwaka huohuo wa 2012 vyuo vikuu vya Harvard na MIT vikaanzisha jukwaa lao, edX. Wakati ule wapo waliotabiri kwa kujiamini kwamba vyuo vya kawaida vimepata mshindani atakayevifuta. Utabiri huo haukutimia. Mwaka 2021 edX iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 kampuni ya 2U yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni. Majukwaa huuzwa, huungana na huyumba, na kila yanapobadilisha mikono hubadilika pia masharti ya kipi ni bure na kipi ni cha kulipia. Mpango wa kujifunza uliojengwa juu ya jina la jukwaa umejengwa juu ya maamuzi ya wenye hisa.

Tofauti kubwa zaidi kati ya asili hizi mbili iko kwenye kipimo. Kwa kawaida cheti cha Udemy hutolewa pale mwanafunzi anapofika mwisho wa masomo ya video, bila mtu yeyote kuhakikisha kwamba ameelewa. Kozi nyingi za Coursera zina majaribio yenye alama ya kufaulu na kazi za kuwasilisha, ingawa nyingine husahihishwa na wanafunzi wenzako ambao nao wanajifunza. Sisemi kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Fundi wa mitandao ya kompyuta aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi anaweza kuifundisha kwa ufasaha kuliko profesa ambaye hajawahi kuitwa usiku kwa sababu mtandao wa benki umekatika. Ninachosema ni kwamba vyeti viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuwa ushahidi wa mambo mawili tofauti kabisa, na kozi zikishapangwa kwenye ukurasa mmoja, zikiwa na nyota za wanafunzi na picha za ukubwa uleule, msomaji asiyejua asili zake atapata taabu zaidi kuitambua tofauti hiyo. Nyota zenyewe hazisaidii sana, maana mwanafunzi hutoa nyota angali na furaha ya kusikiliza mwalimu mzuri, kabla hajajaribu kuutumia ujuzi huo kazini.

Kwa upande mwingine wapo wanaosema kwamba mjadala huu wote ni wa bure kwa sababu kozi za mtandaoni hazifanyi kazi. Hoja yao ina takwimu nzito. Mwaka 2019 watafiti wa MIT, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa miaka sita ya kozi ambazo Harvard na MIT zilitoa kupitia edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia kwenye masomo. Tena wengi wa wanafunzi walitoka nchi tajiri, jambo linaloumiza zaidi, kwa sababu ahadi ya awali ilikuwa kwamba elimu hii itamfikia kijana wa Tabora au Kisumu sawasawa na wa Boston. Asiyekubali kwamba takwimu hizi zinasema jambo zito hajazisoma vizuri. Hata hivyo, zina tundu moja ambalo wanaozinukuu hulipita haraka: zinahesabu kumaliza kozi kana kwamba ndiko kujifunza.

Dada mmoja ninayemfahamu anasimamia duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Shida yake ilikuwa ya kila jioni: fedha zilizoingia kwa Lipa Namba hazikulingana na mauzo yaliyoandikwa kwenye daftari, na hakujua kama tofauti inatokana na makato, na malipo ya madeni ya zamani, au na mzigo uliotoka bila kuandikwa. Alijiandikisha kwenye kozi ya bure ya Excel, akafanya sehemu tatu tu: ya kupanga na kuchuja safu, ya kujumlisha kwa masharti, na ya kutafuta taarifa ya jedwali moja ndani ya jingine kwa kutumia namba ya muamala. Kisha akaacha. Sasa anapakua taarifa ya miamala, anaibandika kwenye ukurasa mmoja, anaweka mauzo kwenye ukurasa wa pili, na muamala usiokuwa na mwenzake unajitokeza kwa rangi nyekundu. Kwa hesabu za jukwaa, yeye ni mmoja wa walioshindwa kumaliza. Kwa hesabu za duka, ndiye aliyebaini kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa ni wateja wa mkopo waliokuwa wakilipa siku za mbele, na kwamba vijana wa dukani waliokuwa wakitazamwa kwa jicho la shaka hawakuwa na hatia.

Alifaulu kwa sababu alikwenda kwenye kozi akiwa na swali. Utafiti uleule wa Reich na mwenzake unaonyesha kwamba miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 46, na wengi hulisoma jambo hili kama ushahidi kwamba mtu akilipa hujituma. Huenda kuna ukweli kidogo hapo, lakini mimi naona malipo kuwa dalili zaidi kuliko sababu: mara nyingi anayetoa fedha yake ameshajua anakwenda wapi na ujuzi huo. Wakati huohuo nisieleweke kwamba kuacha katikati ni jambo jema kila mara. Anayejifunza kuandika programu za kompyuta akaacha kabla ya kufika mahali pa kuunganisha vipande kuwa programu moja inayofanya kazi anabaki na msamiati tu, na anayejifunza uhasibu akaacha kabla ya kufunga hesabu za mwezi hata mmoja hajajifunza uhasibu. Kazi ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha kozi kinatosha, na ndiyo maana lazima itangulie.

Katika hoja zote zinazozunguka jambo hili, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba kozi ni bure, cheti hakiozi, kwa hiyo mtu achukue nyingi kadiri awezavyo. Tuanze na neno bure. Vyeti vya kazi vinavyotolewa na Google kupitia Coursera, kwa makadirio ya Google yenyewe, huchukua hadi miezi sita kwa mtu anayetenga karibu saa kumi kwa juma. Hizo ni saa zaidi ya mia mbili. Kwa mama mwenye genge au kijana anayeendesha bodaboda mchana, saa mia mbili ni mapato, ni usingizi, na ni malezi ya watoto. Kuna na bando. Saa moja ya video kwa ubora wa kawaida hula takriban nusu gigabaiti, na ikiwa ya ubora wa juu huweza kupita gigabaiti nzima, kwa hiyo kozi yenye saa arobaini za video ni gharama inayoonekana hata kwa mwenye mshahara. Hapa kuna jambo ambalo wachaguaji wengi hawalitazami: kozi ambazo sehemu kubwa ni maandishi na mazoezi, kama zile za uandishi wa programu za freeCodeCamp zilizoanza mwaka 2014, hutumia data kidogo sana na humlazimisha mwanafunzi kuandika badala ya kutazama. Kwa mtu wa bando la wiki, umbo la kozi ni sehemu ya bei yake.

Pia si kweli kwamba cheti cha ziada hakina hasara. Mwajiri anayesoma wasifu wenye vyeti kumi na vitano vya mada zisizohusiana, kimoja cha masoko ya kidijitali, kingine cha usalama wa mtandao, kingine cha usimamizi wa miradi, haoni mtu mwenye ujuzi mwingi. Anaona mtu ambaye bado hajaamua, na analazimika kumpima upya kwa kila jambo. Hapo ndipo inapofaa kutofautisha vyeti kwa kuuliza nani alisimamia kipimo. Mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, kwa mafundi wa mitandao ya kompyuta, unafanywa chini ya usimamizi, ada yake ni dola 300, na cheti chake hudumu miaka mitatu kabla ya kuhitaji kuhuishwa. Mtu anaweza kusoma kwa njia yoyote, hata kwa masomo ya bure, lakini mtihani ni uleule kwa wote. Vivyo hivyo kwa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, au ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu. Kwa upande wa ajira serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hudai sifa kutoka vyuo vinavyotambulika, na cheti cha kumaliza kozi ya mtandaoni hakichukui nafasi ya sifa hiyo hata kikiwa na nembo ya chuo kikuu maarufu. Kijana anayekopa fedha ili apate nembo hiyo kwa matumaini ya kuitwa kwenye usaili wa serikali ameelekezwa vibaya, na aliyemwelekeza alipaswa kumwambia ukweli huu kabla hajalipa.

Kufikia hapa nimezungumza kana kwamba ujuzi wa biashara na wa teknolojia ni kitu kimoja. Kwa suala la kuchagua kozi haviko sawa. Teknolojia ina bahati ya kujisahihisha: programu ama inafanya kazi ama haifanyi, na kompyuta humwambia mwanafunzi saa nane za usiku kwamba mstari wa kumi na mbili una kosa. Kozi ya CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan, ambayo masomo yake yako wazi kwa kila mtu bila malipo, imejengwa juu ya sifa hiyo, kwa kuwa mazoezi yake ya kila juma hupimwa na programu inayojaribu msimbo wa mwanafunzi na kumrudishia majibu papo hapo. Ni kozi ngumu, na humchosha asiye na mazoea, lakini mwenye kuifikia tamati amelazimika kutengeneza kitu. Kwa anayechagua kozi ya teknolojia, basi, swali la kwanza ni kama kuna kitu atakachokijenga na chombo cha kukipima, na la pili ni tarehe ya mwisho kozi hiyo ilipohuishwa. Kozi ya kanuni za programu ya mwaka 2016 inaweza kuwa bado nzuri. Kozi ya huduma za wingu au ya zana za akili unde ya mwaka huohuo imeshapitwa.

Biashara haina chombo cha namna hiyo. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote kwenye maswali ya mtiririko wa fedha na bado akashindwa kumwambia mjomba wake kwamba dukani hakuna mkopo tena. Hapa ushahidi kutoka Afrika yenyewe una mengi ya kutufundisha, na nashangaa kwamba hautajwi na wanaouza kozi. Huko Lomé, Togo, watafiti walizigawa kwa bahati nasibu biashara ndogo 1,500: baadhi wenye biashara walipata mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na mipango, wengine walipata mafunzo ya kujenga tabia ya kujianzishia mambo, kutafuta fursa na kutorudi nyuma wanapokwama, wengine hawakupata chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30, ilhali ongezeko la kundi la mafunzo ya kawaida, asilimia 11, halikuwa la uhakika kitakwimu. Ikumbukwe kuwa mafunzo yale hayakuwa ya video. Walimu waliwafuata wajasiriamali kwenye biashara zao baada ya darasa. Dar es Salaam nako, utafiti wa Berge, Bjorvatn na Tungodden kwa wakopaji wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, ulikuta kwamba mafunzo ya biashara yaliinua matokeo ya wanaume, huku matokeo ya biashara za wanawake yakisogea kidogo mno. Maarifa yaleyale, jiji lilelile, lakini mazingira ya anayejifunza yakaamua.

Kutokana na ushahidi huo, mtu anayechagua kozi ya biashara anapaswa kutafuta inayomtuma sokoni kati ya somo na somo: zungumza na wateja watano kabla ya Jumatano, badilisha bei ya bidhaa moja kwa wiki mbili na uandike kilichotokea, omba masharti mapya kwa muuzaji wa jumla. Kozi isiyo na agizo la namna hiyo inaweza kufurahisha kusikiliza, lakini sitarajii ibadilishe biashara. Na kwa kuwa kozi ya mtandaoni haiwezi kumtuma mwalimu dukani, mwanafunzi analazimika kuliziba pengo hilo mwenyewe kwa kusoma pamoja na wenzake wawili watatu wa mtaa au soko moja, watakaoulizana Jumapili nani alifanya nini. Kikundi cha vikoba ambacho tayari hukutana kila wiki kinafaa kwa kazi hii kuliko kundi la majadiliano lenye wanafunzi elfu arobaini wasiofahamiana.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba ujuzi wa biashara umefungwa na sheria na desturi za mahali. Kozi nzuri ya uhasibu mdogo iliyotengenezwa Marekani itamfundisha mwanafunzi kodi ya mauzo inayotofautiana kati ya jimbo na jimbo. Mfanyabiashara wa Mwanza anahitaji kujua kwamba kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, kwamba kikomo cha mauzo kinachomlazimu kujisajili kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na kwamba risiti ya EFD, mashine ya kodi ya kielektroniki, ina uzito gani mkaguzi anapofika. Mwenzake wa Nakuru anashughulika na asilimia 16 na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Kozi za masoko ya kidijitali hudhani kwamba mteja atafika kwenye tovuti na kulipa kwa kadi, wakati mteja wa Sinza huona nguo kwenye status ya WhatsApp, huuliza bei kwa sauti iliyorekodiwa, na hulipa kwa simu baada ya bodaboda kufika mlangoni. Kozi za data za wateja hueleza sheria ya Ulaya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Simaanishi kwamba kozi za nje zitupwe. Kanuni za kupanga bei, kusoma mizania na kumsikiliza mteja hazina uraia. Lakini mwanafunzi anapaswa kutenga, tangu siku ya kwanza, muda wa kuzihamishia kanuni hizo nyumbani, na asidhani kwamba cheti kimemfanyia kazi hiyo.

Ipo hoja mpya, yenye nguvu zaidi, inayosema kwamba kozi zimepitwa na wakati kwa kuwa programu za akili unde humjibu mtu swali lake lilelile, kwa Kiswahili, bila ada. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inaanza pale ninapotaka watu waanze, kwenye kazi. Dada wa Kariakoo leo angeweza kuuliza fomula yake na kuipata kwa dakika moja. Tatizo ni kwamba anayeuliza lazima aweze kupima jibu. Watafiti walipowapa wajasiriamali wa Kenya mshauri wa akili unde kupitia WhatsApp, kwa wastani hawakuona faida. Walipochambua zaidi walikuta kwamba waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walisonga mbele, na waliokuwa nyuma walirudi nyuma zaidi. Mimi naona hapo sababu ya kozi kuendelea kuwapo, mradi iwe kozi inayojenga uwezo wa kuhukumu: kujua tarakimu gani haiwezekani, ushauri gani hauendani na mtaji, na msimbo gani unafanya kazi leo lakini utavujisha nywila za wateja kesho. Kozi inayofundisha kukariri vitufe haina cha kumshinda mshauri wa namna hiyo, na sioni sababu ya mtu kuilipia.

Katika utendaji, njia ninayoipendekeza ni kuisoma kozi kutoka mwisho. Kabla ya kujiandikisha, mtu afungue muhtasari na kwenda moja kwa moja kwenye kazi ya mwisho: wanafunzi wanatakiwa kuwasilisha nini? Ikiwa ni maswali ya kuchagua jibu peke yake, kozi hiyo inafaa kwa kupata utangulizi wa mada na si zaidi. Ikiwa ni ripoti, programu, bajeti au tangazo lililoonyeshwa kwa wateja halisi, ajiulize kama kitu hicho kinafanana na kile anachokihitaji kazini kwake. Kisha atazame somo moja la katikati, siyo la kwanza, kwa kuwa la kwanza hutengenezwa kwa kuvutia na la katikati huonyesha mwalimu alivyo. Humo pia ndimo atakapojua kama Kiingereza kinachotumika na hesabu zinazohitajika anaviweza. Jambo la lugha linastahili kusemwa bila haya. Kijana aliyetoka shule ya kata akiwa na Kiingereza cha kubahatisha hana upungufu wa akili, ila kozi yenye mihadhara ya haraka itamchosha kwa sababu isiyohusiana na mada, na anayemshauri ampeleke kwanza kwenye masomo yenye maandishi anayoweza kuyarudia.

Kwa waajiri, matokeo ya hoja hii ni kwamba saa moja ya kumkalisha mwombaji mbele ya jedwali lenye mauzo ya miezi mitatu, likiwa na tarehe zilizoandikwa kwa namna nne tofauti kama yalivyo majedwali ya kweli, itawaambia mengi kuliko bahasha ya vyeti. Kwa serikali na wafadhili, matokeo yake ni mazito zaidi. Programu za kuwapa vijana ujuzi wa kidijitali zimezoea kutangaza idadi ya waliojiandikisha na idadi ya vyeti vilivyotolewa, na tumeona jinsi tarakimu hizo zinavyoweza kumhesabu aliyefaulu kuwa ameshindwa, na kinyume chake. Kinachokosekana ni mtu wa kupima ujuzi bila kujali ulipatikana wapi. Tanzania ina uzoefu wa jambo hili. Kwa miaka mingi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari waliojifunza mitaani, kwa kuwapima wakiwa kazini na kuwapa vyeti vya ngazi wanayostahili. Sioni kwa nini aliyejifunza Excel, ufungaji wa mitandao au uandishi wa programu kwa simu na bando la usiku asipimwe vivyo hivyo, nusu siku, mbele ya kompyuta na msimamizi, kwa ada anayoimudu. Kipawa, Dar es Salaam, VETA tayari ina kituo cha TEHAMA, na upimaji wa kwanza unaweza kufanyika hapo kwa fedha ileile ambayo sasa inanunua nafasi za kozi ambazo watu wengi hawazifungui.